Kabla ya Kipupwe, Kagua Dirisha

Ikifika Juni, ukipita vijia vya Maposeni, huku Ruvuma, asubuhi utaona madirisha yamevalishwa. Khanga kuukuu imesokotwa na kuchomekwa kati ya fremu na ukuta, gazeti limekunjwa chini ya kioo, gunia limetundikwa upande wa nje. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mahindi yakishavunwa hakuna cha kuzuia upepo, na usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Upepo wa majira haya hutoka kusini-mashariki, ndiyo maana chumba kinachotazama upande huo ndicho kila mtu anachokikimbia.

Anayejenga Maposeni au Peramiho siku hizi hakosi ndugu aliyeko Dar es Salaam au Ulaya wa kumwambia, "Weka vioo viwili, baridi utaisahau." Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila kwa nyumba nyingi za huku umekuja kabla ya zamu yake. Baridi ya Maposeni haipenyi katikati ya kioo kwa kiasi cha kutisha. Inaingilia pembeni, palipo na uwazi. Shilingi ya kwanza iende pembeni.

Tuvieleze kwanza hivyo vioo viwili, maana wengi wanavisikia tu. Ni vioo vilivyolala sambamba, katikati pakiwa na nafasi ya milimita 12 hadi 16, kingo zote zimefungwa kiwandani kwa gundi maalumu. Ndani ya nafasi hiyo kuna hewa kavu, au gesi ya agoni, na pembeni unazunguka mchirizi wa bati wenye punje zinazofyonza unyevu. Hewa iliyotulia haipendi kupitisha joto, na hiyo ndiyo siri yote. Mmarekani Thomas Stetson alipata hataza ya wazo hili huko New York mwaka 1865. Dirisha la namna hiyo hupitisha takribani nusu ya joto linalopitishwa na kioo kimoja.

Nusu ni nyingi, lakini ni nusu ya nini? Ujerumani mwezi Januari, ndani kuna nyuzi 20 na nje ni chini ya sifuri. Tofauti hiyo inalipa gharama. Maposeni, ndani ni 17, nje 11, na mchana jua linarudi. Halafu fremu zetu za aluminiamu ni nyembamba, na aluminiamu hupitisha joto kuliko kioo chenyewe, kwa hiyo sehemu ya faida uliyoinunua inatorokea kwenye fremu. Na kama nyumba haina dari, yaani ukilala unaona bati, vioo viwili ni fedha za kutupa. Joto hupanda juu. Piga dari kwanza, hata ya silingi bodi za bei ya chini, ndipo tuzungumze madirisha.

Hata hivyo vioo viwili umeshaviona, pengine bila kujua. Mlango wa friji la soda pale dukani ni vioo viwili. Ukiona mlango huo una ukungu usiofutika kwa kitambaa, uko katikati ya vioo, ujue kingo zimeachia na hewa yenye unyevu imeingia. Ugonjwa huo huo ndio unaoyapata madirisha ya namna hiyo, na nitaurudia mwishoni kwa wachache wanaohusika.

Tafuta tundu kabla ya kununua silikoni

Chagua jioni yenye upepo. Funga madirisha na milango yote, washa dawa ya mbu ile ya kuzunguka, kisha ipitishe taratibu pembezoni mwa dirisha: kati ya fremu na ukuta, kati ya fremu na bawa la dirisha, kati ya kioo na fremu. Moshi ukinyooka kwenda juu, pako salama. Ukipinda au ukikatika, weka alama ya chaki. Usiache kona za chini, ndizo mafundi huzimalizia wakiwa wamechoka.

Kwa maji ya mvua kipimo ni kingine. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na kopo lenye matundu au mpira wa maji. Anza chini ya dirisha, mwagia kwa dakika kadhaa, ndipo upande kidogo, na kidogo tena. Ukianzia juu maji yatateremka kote na hutajua yameingilia wapi. Mara nyingi, wala msibishane na fundi, kosa liko kwenye kingo ya chini ya nje. Inatakiwa iteremke kuelekea nje, kama sentimita moja kwa kila sentimita kumi, na itokeze mbele ya ukuta sentimita tatu au nne. Chini ya sehemu iliyotokeza pawe na mfereji mwembamba ili tone lidondoke badala ya kutambaa kurudi ukutani. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zimepigwa lipu safi kabisa, kingo iko bapa kama meza, na kila masika ukuta chini ya dirisha unavimba na rangi inabanduka. Hapo hakuna silikoni itakayosaidia. Vunja kingo, ipige upya kwa mteremko.

Nyufa kati ya fremu na ukuta ni kazi ya kujifanyia. Kwangua mchanga ulioachia, piga brashi mpaka vumbi liishe. Uwazi ukizidi kidole gumba, lowanisha ukuta na ujaze kwa saruji na mchanga, kiasi cha moja kwa nne, uukandamize ndani, uache ukauke vizuri kwa siku kadhaa. Uwazi mdogo ndio wa silikoni. Sukumiza kwanza kipande cha sponji ndani ya ufa ili silikoni isizame. Kina cha silikoni kitoshe nusu ya upana wa ufa. Hili watu hulipuuza, wanasukuma mrija mzima shimoni. Silikoni inafanya kazi ikishika pande mbili tu, huku na huku, ili ivutike fremu inapocheza kwa joto na baridi. Ikishika na nyuma pia, inachanika.

Unaponunua, fungua kifuniko unuse au muulize muuzaji. Ile yenye harufu kali ya siki ni nzuri kwa kioo na vigae, lakini haishiki sawasawa kwenye saruji, inaamsha kutu kwenye chuma, na inaharibu gundi ya kingo za vioo viwili. Kwa ukuta na fremu omba isiyo na harufu ya siki. Kumbuka pia kwamba rangi haishiki juu ya silikoni. Paka rangi ya ukuta kwanza, silikoni ije mwisho. Lile povu la kopo linalovimba ni zuri kwa uwazi mkubwa usio na umbo, mradi ulifunike kwa lipu, maana jua linalifanya kuwa unga wa njano.

Ukiziba, fikiria hewa

Kabla hujaendelea kuziba, soma hapa. Katika baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani, na mara nyingi wamenusurika kwa sababu tu madirisha yalikuwa yanavuja. Mkaa unaowaka polepole hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukohoa, anazidi kulala. Ukishatengeneza dirisha likakaza, jiko la mkaa lisiingie tena chumba cha kulala, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata kwa ajili ya mtoto mchanga. Matofali ya matundu yaliyo juu ya linta yasizibwe. Yawekee wavu wa mbu kwa ndani, uyaache yapumue.

Hewa hiyo ndiyo inayopunguza pia matone ya asubuhi kwenye vioo. Watu wanne waliolala chumba kimoja wanapumua maji usiku kucha, na maji hayo hutafuta sehemu ya baridi kuliko zote, yaani kioo, halafu yanateremka na kuozesha mbao za chini. Wengi wakiona matone hudhani dirisha linavuja na kuita fundi. Futa kioo kwa ndani: maji yakiondoka, dirisha halina kosa, fungua kidogo kila asubuhi robo saa na usianike nguo chumbani.

Na kwa kuwa tunazungumzia usalama: nyumba yenye nondo kila dirisha iwe na angalau moja inayofunguka kwa ndani, ufunguo ukining'inia karibu. Mchomeleaji yeyote anaweza kuikata na kuitia bawaba na komeo.

Mbao

Dirisha la mbao halina haja ya kuonewa aibu. Ruvuma ina mninga na mkongo, mbao ambazo hazichezi sana hali ya hewa ikibadilika, na eneo la Peramiho limekuwa na karakana za useremala tangu enzi za wamisionari Wabenedikto, waliofika mwaka 1898. Fundi wa kukukarabatia dirisha la mbao vizuri yupo jirani zaidi kuliko wa kukutengenezea la kisasa. Shida ni mbao zinazouzwa mbichi, hasa za paini. Zinapigwa randa leo, dirisha linatiwa kesho, na ikifika Septemba unaweza kupitisha kidole kati ya bawa na fremu.

Masika mbao hunyonya maji na kuvimba, dirisha linagoma kufunga. Usiite fundi alipige randa wakati huo. Ukilipunguza Februari, Agosti litakuwa na pengo. Subiri likauke, na kama Oktoba bado linagusa, hapo punguza, tena pale tu lilipogusa. Utapaona kwa kupaka chaki ukingo wa fremu na kulifunga.

Chunguza uozo kwa bisibisi. Isukume kwenye mbao ya chini na kwenye maungio ya kona. Ikizama kirahisi, mbao hiyo imekwisha, na kuipaka rangi ni kuifunika jeneza. Kata sehemu iliyooza mpaka ufikie mbao ngumu, mkato wako uteremke kuelekea nje, kisha unga kipande kipya cha mbao kavu kwa gundi ya mbao na skrubu. Kama ni mchwa, fuatilia njia yao ya udongo ukutani hadi chini. Ukibadilisha mbao bila kukata njia hiyo, umewaandalia chakula kipya. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari. Kwa nguzo ya zizi, sawa. Kwa dirisha hapana: rangi haitashika juu yake miaka mingi, na chumba kitanuka gereji.

Bawa lililolegea na kukwaruza chini mara nyingi halina kasoro yoyote ila skrubu za bawaba ya juu zimepoteza meno. Zitoe, chonga vijiti vya mbao ngumu, vitie gundi, vigongee matunduni, vikate usawa, kisha rudisha skrubu. Ni kazi isiyofikisha saa moja. Rangi nayo ipakwe pande zote sita, pamoja na ukingo wa juu na wa chini wa bawa ambao hakuna mtu anayeuona. Huko ndiko nyuzi za mbao zimekatwa, na ndiko maji huingilia.

Chuma na puti

Madirisha ya fremu za chuma na vioo vidogo vidogo bado yapo mengi, hasa kwenye shule, zahanati na nyumba za zamani za watumishi. Adui yake ni kutu chini ya puti. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo inavimba na kusukuma kioo mpaka kinapasuka bila mtu kurusha jiwe. Mkuu wa shule anawalaumu watoto bure.

Kwa kioo kilichovunjika, vaa glavu nzito na viatu vya kufunika, bandika tepu juu ya nyufa, anza kutoa vipande vya juu ukishuka. Puti ya zamani ikigoma, ipige taratibu kwa nyundo na kisu kizee. Kisha ng'arisha chuma kwa brashi ya waya hadi kiwe kikavu na cheupe, upake rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya wachomeleaji, uache ikauke kabisa.

Pima kioo mara mbili, juu na chini, kushoto na kulia, kwa sababu fremu chache zina pembe mraba. Chukua kipimo kidogo na ukipunguze milimita 3, urefu na upana. Kioo kilichobanwa kila upande hakimalizi mwaka. Kwa kidirisha kidogo, kioo cha milimita 3 kinatosha. Kikubwa zaidi omba 4 au 5.

Puti nayo si moja. Ya mbao ina mafuta ya kitani na hukauka kwa sababu mbao hunyonya sehemu ya mafuta hayo na hewa inafanya kazi iliyobaki. Chuma hakinyonyi, kwa hiyo puti ya mbao ukiitia kwenye chuma inabaki laini wiki nyingi na ndege wanaidonoa. Omba ya chuma. Kwa mbao vilevile kuna mtego: usiipake juu ya mbao kavu isiyo na rangi ya msingi, kwa kuwa itafyonzwa mafuta yote na kupasuka kabla hata mvua haijafika.

Ikande mkononi mpaka iwe laini kama unga wa maandazi uliokandika. Tandaza tabaka jembamba la milimita 2 au 3 kwenye fremu, weka kioo, kisukume kwa pembezoni na kamwe si katikati, kisha kishike kwa vibanio vyake kama ni chuma, au kwa misumari midogo kama ni mbao. Hapo ndipo unaweka puti ya nje na kuiburuta kwa kisu kilicholowana hadi iwe mteremko laini. Mteremko huo usionekane kwa aliye ndani. Ukionekana, umeweka nyingi mno. Mwisho ni rangi ya mafuta, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika: rangi ipite puti na iguse kioo kama milimita 2. Huo mstari mwembamba ndio unaozuia maji kuingia kati ya puti na kioo. Fundi mwenye mkono safi atataka kukwangua kioo king'ae hadi ukingoni; mkataze.

Aluminiamu ya kusukuma

Haya ndiyo madirisha ya nyumba mpya, na malalamiko yake ni yale yale: yanakwaruza, yanapiga kelele na upepo, maji yanajaa kwenye reli. Vumbi jekundu la huku ni laini sana, likichanganyika na mafuta linakuwa msasa. Kwa hiyo usipake grisi wala mafuta ya kupikia kwenye reli. Fagia kwa brashi kuukuu ya meno, osha kwa maji ya sabuni, kausha, kisha pitisha mshumaa juu ya reli mara chache. Inatosha.

Ndani ya reli, kwa upande wa nje, kuna vitundu vya kutolea maji. Vitafute. Ama vimezibwa na udongo, na kijiti kinavizibua, ama vimezibwa na silikoni ya fundi aliyedhani ni kasoro, na hapo utahitaji kisu. Vikiwa wazi, kuona maji kidogo kwenye reli wakati wa mvua ni kawaida. Dirisha limeundwa liyapokee na kuyatoa. Kama hakuna vitundu kabisa, mwite aliyelitengeneza arudi na drili yake.

Bawa likiburuzika, inama utazame pembeni chini: kuna skrubu inayopandisha na kushusha roli. Zungusha nusu duara kila upande na ujaribu. Ikishindikana, roli limekufa. Mkiwa wawili, inueni bawa la ndani juu kabisa ndani ya reli ya juu, mlivute upande wa chini kuja chumbani, ndipo la nje lifuate. Msikadirie uzito kwa macho. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene katika mita moja ya mraba, kwa hiyo bawa la mita moja mraba lenye kioo cha milimita 5 ni kilo 12 na nusu kabla hujahesabu fremu. Nenda dukani na roli la zamani mkononi, kwa kuwa zinafanana kwa macho na hazifanani kwa milimita.

Upepo unaopiga mluzi unatokana na zile nyuzi za manyoya zilizochomekwa ukingoni mwa bawa. Zimelala au zimeng'oka. Zinauzwa kwa mita, na kuzibadilisha ni kuvuta za zamani kwenye mfereji wake na kutelezesha mpya. Hakuna matengenezo ya bei ndogo yanayotuliza baridi ya Julai kuliko haya, na ajabu ni kwamba ndiyo ya mwisho mtu kufikiria. Raba inayoshika kioo ikikakamaa na kujikunja konani, ibadilishe yote badala ya kuchomekea vipande. Kwa wavu wa mbu, ng'oa mpira wa mviringo unaoubana, tandaza wavu mpya ukizidi sentimita chache kila upande, rudisha mpira kwa kuusukuma na mgongo wa kijiko, na kata ziada mwisho. Usiuvute sana, fremu itapinda.

Wakati wa kujenga, funika aluminiamu na vioo kabla ya kupiga lipu. Saruji mbichi hula vyote viwili, na doa lililokaa siku mbili halitoki tena. Likidondoka, lioshe hapo hapo kwa maji mengi. Steli wuli na mchanga vibaki jikoni kwa masufuria.

Tabaka la pili bila kiwanda

Anayetaka faida ya vioo viwili bila gharama yake aende kwa seremala amtengenezee fremu nyepesi ya vibanzi inayoenea ndani ya uwazi wa dirisha, aitandaze nailoni nzito inayoonyesha, na kuishika kwa visahani vinne vya mbao vinavyozunguka kwenye skrubu. Kati ya nailoni na kioo paachwe sentimita 2 hivi. Weka Juni, toa Septemba, hifadhi nyuma ya kabati. Hewa tuli ni hewa tuli, haijui kama imefungwa kiwandani au na seremala. Inafaa kwa dirisha lisilofunguliwa sana, lile la upande wa upepo, na chumba kiwe na njia nyingine ya hewa na ya kutokea. Pazia zito linalogusa kingo ya chini linasaidia pia, kuliko pazia refu zuri lililoachia uwazi pembeni.

Kwa mwenye vioo viwili vya kweli

Ukungu katikati hautibiki kwa kutoboa kioo na kupuliza hewa, hata ukisikia mtu anaahidi. Punje za kufyonza unyevu zimeshiba na kingo zimeachia. Kioo kitang'aa wiki chache, kisha ukungu utarudi. Habari njema ni kwamba fremu inabaki. Unaagiza vioo vyenyewe tu, na vipimo vya kupeleka ni upana, urefu na unene wote, kwa mfano kioo cha 5, nafasi ya 12, kioo cha 5, jumla milimita 22. Unapotoa vibanzi vinavyoshika vioo, viandike namba, kila kimoja kirudi kwake. Chini, vioo visikalie fremu moja kwa moja. Vikae juu ya vipande viwili vidogo vya plastiki ngumu, kimoja karibu na kila kona, ili maji yapite chini yake na kutoka kwenye vitundu.

Kuna jambo la huku milimani ambalo muuzaji wa pwani anaweza asilifikirie. Vioo vikifungwa Dar es Salaam, hewa iliyofungiwa ndani ina mgandamizo wa usawa wa bahari. Vikifika Maposeni, hewa ya nje ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, na ile ya ndani inavisukuma vioo vivimbe kuelekea nje. Vioo vikubwa huvumilia kwa kupinda. Vidogo na vyembamba haviwezi kupinda sana, na mzigo wote unaangukia kingo au kioo chenyewe. Mwambie anayetengeneza, kabla hajafunga, kwamba vinakwenda zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Anayejua kazi atatia kijimrija chembamba cha kusawazisha hewa. Anayekushangaa, tafuta mwingine.

Kioo chochote, kimoja au viwili, kinasafiri kimesimama kwa ukingo wake, hakilazwi. Mkuranga mkoani Pwani kuna kiwanda cha vioo vya ujenzi kilichozinduliwa mwaka 2023, lakini mkaazi wa Maposeni bado atakwenda kununua Songea mjini, na sehemu hatari ya safari ni ile ya mwisho, kutoka lami hadi mlangoni. Funga kanda mbili za mbao nyembamba huku na huku, katoni katikati, kamba isikaze kona. Bodaboda ibebe puti.

Panga kazi yenyewe kati ya Septemba na mwisho wa Oktoba. Puti inahitaji wiki moja hadi mbili kabla ya kupakwa rangi, rangi inahitaji mikono miwili na siku kavu kati yake, na mvua za huku huanza kunusa Novemba. Aliyeweka vioo wiki ya mwisho ya Oktoba amejinunulia mbio na mawingu, kwa hiyo akifika fundi akasema "Bosi, tuanze mwezi wa kumi na moja tu," mpe kazi ya ndani na utafute mwingine wa madirisha.